Hodi ya Dakhalia

Watu wa nyumbani kwangu wakinisikia nasema kuwa na mimi nilikuwa mtu wa Dakhalia, hucheka. Wana haki yao. Skuli nilikwenda mpaka darasa la pili, kisha mama akasema mikono yangu ina kazi nyingine, na kweli ilikuwa nayo. Msahafu nimehitimu, jina langu najua kuliandika, na kwa kitambaa hakuna muuza duka aliyewahi kunipunja. Zaidi ya hapo sikusoma, na sijaona nilichopungukiwa. Nyumba mbili nimezijenga kwa sindano. Lakini Dakhalia nilikuwamo, na nataka niseme nilivyoingia, kwa sababu wajukuu zangu sasa wanakwenda vyuo vya nje, wanarudi na khabari za vyama vya wanafunzi, jinsi mgeni anavyoteswa kwanza ndipo akubaliwe, wanadhani ni mambo mapya.

Dakhalia kwa kwetu Unguja ni bweni, pale walipolala wasichana wa mbali waliokuwa wakisomea ualimu. Waliopita pale wakijuana kama askari wa kambi moja. Baada ya yaliyotokea kule mwaka wa sitini na nne, wachache kati yao, wenye waume wa asili ya Oman, wakajikuta wamemwagwa pamoja Matrah, bandari iliyo ubavuni mwa Maskati, katikati ya miaka ya sitini. Hawakuwa wengi, mikeka miwili ikiwatosha. Wengi wa watu wa Unguja unaowaona Maskati leo walikuja baadae, mambo yalipofunguka. Sisi tulitangulia, tukakuta mji wa mawe na milango iliyofungwa, maji yanaletwa kwa punda, na mwanamke hana pa kwenda ila kwa mwanamke mwenziwe.

Basi hao wasomi wakakutana kila Alkhamisi alasiri, wakajiita jina lilelile, Dakhalia. Na kiongozi wao akawa yuleyule aliyekuwa mkubwa wao bwenini. Wakimwita Mkubwa, na mimi ntamwita hivyo.

Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mume wangu alikuwa Mmanga wa duka la rejareja Ng'ambo ya Unguja. Duka likaenda, akanileta kwao, kisha akaenda Kuweti kutafuta maisha. Mama yangu alibaki Unguja. Nilikuwa nna chumba kimoja cha kukodi Matrah, cherehani ya mkono, na tumbo.

Mama mkwe wangu alikuwa Bawshar. Usifikirie Bawshar hii ya majumba na masoko makubwa. Ile ilikuwa mitende, mifereji ya maji na nyumba za udongo. Alinitumia maneno: njoo uzalie huku, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa watu wake. Hakuwa mbaya. Lakini nilijua kuwa nikenda sirudi. Wake waliokwenda kuzaa kwa wakwe waume zao wakiwa safarini, mpaka siku zile walikuwa wako huko, wanachunga mbuzi. Nami cherehani yangu ilikuwa imeanza kuzungumza na watu. Sikwenda.

Hospitali ya Wazungu ilikuwapo, lakini na huko uliambiwa uje na mwanamke wako wa kukuangalia. Mwanamke wangu nani? Ndipo dhiki yangu ilipokuwa. Uchungu sikuuogopa. Niliogopa kuuliwa na uchungu huku nikitazama ukuta, hapana wa kunishika mgongo, hapana wa kunitamkia shahada.

Chumba cha pili alikaa mmoja wa Dakhalia, kijana mwembamba mwenye kucheka upesi, mumewe karani. Nilimshonea nguo, tukawa mashoga. Siku moja kanikuta nalia juu ya cherehani, na mimi silii ovyo.

"Shoga," aliniambia, "njoo Dakhalia. Sisi mtu wetu akizaa hatumwachi. Arubaini nzima tunapeana zamu."

"Mimi sikusoma."

"Sema ulisoma mwaka mmoja, wakakutoa kukuoza. Nani ataabiri arudi Unguja kuuliza?"

"Siwezi kusema hivyo."

"Kwa nini? Uwongo mdogo kama kunguni."

"Kunguni mmoja tu hukukosesha usingizi."

"Haya," alisema, "kichwa kama jabali. Njoo na ukweli wako basi, tuone watakufanya nini."

Alkhamisi nikaenda, kwa Mkubwa. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, mabuibui yametundikwa ukutani, kahawa katikati, na wote wanasema kwa pamoja kama ndege. Mkubwa alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Hakuwa na miaka thelathini, lakini alipogeuza shingo wengine walinyamaza. Nyuma yake palikuwa na masanduku yake ya safari, yamefungwa kamba vilevile kama yalivyoshushwa melini. Wote walijua: Mkubwa hafungui masanduku. Hapa tunapita tu, alikuwa akisema.

Akaniuliza, "Ulilala chumba gani?"

"Cha mama yangu, Ng'ambo, karibu na bomba la maji."

Wakacheka, mmoja akamwangukia mwenziwe begani. Mkubwa hakucheka.

"Nnauliza dakhalia."

"Dakhalia naijua kwa nje. Mama alikuwa akifua nguo za watu. Mimi nikizirejesha mlangoni, nikizihesabu, nikenda zangu."

Shoga yangu akawa anatazama dari. Nami nikakaa nimejiweka sawa, kwa sababu nilisema kweli na kweli haina haja ya kuinama.

Mkubwa akasema, "Sheria haikusema lazima mtu awe amelala. Sheria imesema lazima abishe hodi. Akibisha hodi milango yote, anatiwa hina, anakuwa wetu."

Nikadhani ni jambo jepesi. Njiani shoga yangu akanieleza. Kule bwenini, msichana mpya katika mwezi wake wa kwanza alikuwa akienda asubuhi mlango hadi mlango kwa wakubwa, anabisha na kusema: "Hodi wakubwa zangu, mdogo wenu nimekuja kutumwa." Hapo hutumwa. Huyu anamtuma maji, huyu anamtuma amsuke, huyu anamtuma tu aimbe akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Wakacheka, yeye akacheka, na mwakani akawa yeye ndiye mkubwa. Matrah waliendelea nayo vilevile. Walikuwa wamepoteza kila kitu kingine, hiyo haikuwa na uzito wa kubebwa, ikaja nao.

"Maneno hayo hayo?" nilimuuliza.

"Hayo hayo. Usipunguze, usizidishe."

Nikaanza asubuhi ya pili. Mlango wa kwanza nikabisha, nikasema, "Hodi, nimekuja kukuamkieni." Mwenye nyumba akachungulia, akaanza kucheka.

"Na mengine je?"

"Mengine sina. Lakini kama unayo kazi, nipe."

Alikuwa na unga wa kuchekecha. Nikauchekecha wote, nikamkandia na mkate. Mlango wa pili nilikuta mtoto analia na mama kachoka, nikamchukua mtoto mpaka akalala. Wale vijana hawakuwa na neno. Mmoja alinituma nimwambie mashairi, nikamwambia sijui mashairi, nikamtobolea masikio mwanawe, akafurahi zaidi. Kazi sikuikimbia hata moja. Ninapoulizwa leo nimefikaje hapa nilipofika, husema: kazi sijawahi kuiuliza jina lake.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mkubwa. Nyumba yake ilikuwa na ua mdogo wa nyuma, mlango mzito wa mbao. Nikabisha.

"Nani?"

"Mimi. Nimekuja kukuamkia."

"Sema."

"Nimekwishasema."

"Sema inavyosemwa."

Nikasimama palepale. Jua lilikuwa limeshapanda, na jua la Matrah linatoka mbinguni na kwenye majabali kwa pamoja. Jirani mmoja wa Kibulushi akatoka na ndoo yake, akanitazama, akarudi ndani.

"Kama una kazi nifungulie nifanye," nikamwambia. "Wenzako wote nimewafanyia."

"Wenzangu ni watoto, wamekuachia. Maneno manne matano yanakushinda?"

"Hayanishindi. Siyasemi."

"Basi nenda salama, bibi."

Nikaenda. Sikukasirika kwa sauti, nilikasirika kwa miguu, nikafika chumbani sijui nimepita wapi.

Alkhamisi ile sikuitwa, wala ya baada yake. Shoga yangu akawa katikati, maskini, anakwenda kule anarudi huku.

"Anasema una kiburi," aliniambia.

"Mwambie kweli, nnacho."

"Shoga, ni mchezo tu! Sote tumesema. Mimi nilisema nikiwa nimevaa kata ya kuchotea maji kichwani."

"Wewe ulikuwa unacheza."

"Na wewe cheza!"

Nikarudi kwenye cherehani, maana hakuwa mtu mbaya na jibu lilikuwa refu. Ilikuwa rahisi kwake. Alipotoka nje ya mlango ule wa bweni alikuwa binti wa fulani, na nyumbani kwao palikuwa na mtu wa kutumwa. Neno lile akilivaa na kulivua kama kata ile.

Mkunga wangu alikuwa bibi wa Kibulushi, mzee, mwenye mikono mikavu na mdomo mkali. Kiarabu chake kibovu na changu kibovu vilielewana vizuri. Akanipapasa tumbo, akakunja uso.

"Mtoto kakaa vibaya," alisema. "Ntamgeuza, inshallah, lakini siku yenyewe nataka watu. Mmoja wa mgongo, mmoja wa magoti, mmoja wa moto na maji. Wako wapi watu wako?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Watakuja."

Akanitazama kama ninavyotazama mimi sasa mteja anayeniambia kitambaa atakileta kesho. "Usiponipa watu," alisema, "nami siingii humu. Sitaki nitoke na maiti mbili, watu waseme ni mimi."

Akenda zake. Nikakaa. Watu huwa wanadhani kiburi na haja haviwezi kukaa chumba kimoja. Vinakaa. Vilikaa nami siku ile, kimoja kulia kimoja kushoto, na vyote viwili vyangu. Nikajiuliza: hivi neno tu litamuua mwanangu? Nikajijibu: hapana, nikilisema hafi. Kisha nikajaribu kulisema peke yangu, mlango umefungwa, nisikie lilivyo mdomoni. "Mdogo wenu nimekuja kutumwa." Nikasikia sauti ya mama. Hasa yake, hata kile kikohozi chake kabla ya kusema. Nikavaa buibui langu, nikatoka, sijui nakwenda kusema nini.

Mlango wa Mkubwa nikaubisha kwa kiganja kizima.

"Nani?"

"Mimi tena."

"Umekuja kusema?"

"Nimekuja kusema, lakini si hilo lako."

Nikasikia ndala zake zimesogea karibu na mlango. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikiana pumzi, ubao katikati.

"Nisikilize," nikamwambia. "Neno lile mama yangu kalisema kila siku ya maisha yake, kwenye milango ya watu, Vuga na Shangani. Hodi, nimekuja kutumwa. Na hakuwa akicheza. Nyinyi mlikuwa mnacheza. Sikulaumuni kwa kucheza, watoto wote hucheza. Lakini mimi silisemi kwa mchezo, na kwa kweli vilevile silisemi, kwa sababu yeye alilisema ili mimi nisiliseme. Hilo moja."

"Na la pili?"

"La pili, nnazaa mwezi huu, mtoto kakaa vibaya, mkunga anataka watu, na mimi sina mtu. Ndilo lililonileta kwenu tangu mwanzo. Sikuja kwa hina wala kwa kahawa. Sasa ukitaka nifungulie, ukitaka usinifungulie, lakini mimi nimesema nilichokuja nacho."

Komeo likavutwa.

Alikuwa amevaa kanga mbili za nyumbani, nywele wazi, na uso ambao sikuwahi kuuona Alkhamisi. Aliniingiza uani, akanikalisha kwenye kigoda, akanipa maji. Yeye akabaki amesimama, anashika nguzo.

"Unajua," alisema, "ningekuwa kule sasa ningekuwa nasimamia skuli. Walikwishaniambia. Hapa hapana hata skuli moja ya kumpeleka mtoto wa kike, sembuse ya kunipa mimi. Kutwa nnakaa. Kilichonibakia ni Alkhamisi na ile hodi."

"Najua."

"Hujui."

"Basi sijui," nikasema. "Lakini tumbo ndilo linalojua saa, halingoji sisi tujuane."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Kisha akaacha, akakaa chini sakafuni mbele yangu.

"Mwenzangu, nikwambie kweli na mimi. Wewe umekuja unadhani umefika kwa watu wanaojua. Sisi hatujui kitu. Wenye watoto kati yetu walizalia Unguja, kwa mama zao, walifumbwa macho wakafumbuliwa mtoto keshaogeshwa. Mimi hata kuzaa sijazaa. Mama zetu wote wamebaki. Sote humu ni wadogo, hapana mkubwa hata mmoja."

Nilikaa na maneno yale. Miezi ile yote nilikuwa nikiwaona wako juu, wamekaa kwenye mikeka yao kama wenye mji. Kumbe walikuwa wasichana walioachiwa nyumba, mama hayupo, nao wanaigiza sauti za mama.

"Mikono mnayo?" nikamuuliza.

"Mikono tunayo."

"Mkunga anataka mikono. Kujua anajua yeye."

Akasimama. "Unaweza kutembea?"

"Nimetembea mpaka hapa."

"Basi nenda kaniitie wenzetu. Wote. Waambie Mkubwa kasema sasa hivi, Alkhamisi au si Alkhamisi." Kisha akatanabahi alichofanya, akaziba mdomo. "Nimekutuma."

"Nitume," nikamwambia. "Nimekwambia kazi siogopi."

Wakaja. Ule mkutano sitausahau. Wanawake wasomi, wenye vyeti, wamekaa kwenye mkeka wanapeleleza kuzaa kama wapelelezi wa mwizi.

"Maji ya moto lazima."

"Ya nini?"

"Sijui ya nini, lakini lazima. Bibi yangu alikuwa akichemsha sana."

"Tulisoma darasani, mimi nakumbuka. Palikuwa na mchoro."

"Mchoro ule ulikuwa wa yai la kuku, bibi we!"

"Kwani kuku hazai?"

"Anataga! Utamwambia mwenzio atage?"

Walicheka mpaka mmoja akalia, na aliyelia hakuwa akilia kwa kicheko. Alikuwa akimtaja mama yake. Mkubwa akawagawia zamu: wewe mgongo, wewe magoti, wewe moto, wewe utasoma Yasini na usisimame ukikosea. Shoga yangu akaomba asipewe kitu chenye damu. Akapewa moto.

Siku ilipofika, uchungu ulinishika asubuhi, mwanangu akaja alasiri. Sitasimulia yote, wanawake wanajua na wanaume hawana haja. Mkunga alipoingia akakuta chumba kimejaa wanawake, akapiga kelele, "Barra! Barra! Nilitaka watatu, mmeniletea soko!" Hakutoka hata mmoja. Akawatukana kwa Kibulushi, wakamwitikia "hewala, bibi" kwa Kiswahili, hakuna aliyemfahamu mwenziwe. Msomaji wa Yasini alirudia aya moja mara nyingi, hofu imemkwamisha pale. Mkubwa alikuwa mgongoni kwangu, kanikumbatia kwa nyuma, kidevu chake begani kwangu, na kila nilipobana na yeye alibana, utadhani tunazaa sote wawili. Nilimng'ata mkono. Hakuuondoa.

Mtoto wa kike. Alitangulia na bega, mkunga akamrejesha, akamgeuza, akamtoa. Alipolia, wote wakalia, na mkunga akasema haya, sasa mnalia nini, kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijesha. Kondo la nyuma lilipotoka, zalio tunavyoita sisi, mkunga akalifunga katika kitambaa, akalishika mkononi.

"Hili la wapi?" aliuliza. "Wapi kwenu?"

Kwetu zalio huzikwa uani, na alipozikiwa mtu zalio na kitovu chake ndipo kwao, hata azunguke dunia. Hilo si jambo la kusoma, wote walilijua. Na ghafla chumba kizima kikawa kinatazama kile kitambaa. Chumba kilikuwa cha kukodi, sakafu ya mwenyewe. Nje ya mlango ni jabali tupu. Ufukweni mbwa.

"Kitovu kikikauka tutakihifadhi," mmoja akasema polepole. "Mpaka tutakaporudi Unguja."

"Kitovu kitakauka. Hili halingoji."

"Litiwe baharini, bahari ile ile inafika Unguja."

"Na mtoto awe mtu wa wapi? Wa maji?"

"Bawshar basi, kwa baba yake. Apatikane mtu wa kulipeleka."

Hapo nikainua kichwa. Nilikuwa sina nguvu ya neno, lakini nikatikisa kichwa kuwa hapana, na nadhani Mkubwa aliniona. Walikuwa wote wamepanga nyumba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwa mdomo wake kuwa hatutarudi. Kuzika zalio Matrah ni kulisema. Nilimwona kila mmoja anangoja mwenziwe.

Mkubwa akanilaza kwenye mto, akasimama, nguo zake zimelowa. Akamnyoshea mkunga mikono miwili.

"Nipe," alisema. "Mimi nna ua."

Akavaa buibui, akatoka nalo kifuani.

Alikawia sana. Walinisafisha, wakanifunga tumbo, wakamwogesha mtoto, wakagombana ni nani alale nami siku ya mwanzo. Jua likawa linaondoka dirishani, yeye hajarudi. Shoga yangu akaenda kumtazama, akarudi akaniambia sikioni kuwa Mkubwa kaazima mtaimbo kwa jirani, anachimba mwenyewe, kamkataza kila mtu kumsaidia, na mumewe kasimama mlangoni anamtazama.

Mwishowe akaingia. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa kitako pembeni ya mto wangu, na nilipoiona mikono yake nilitaka kuishika, nikaogopa kumuumiza. Viganja vilikuwa vimechubuka, malengelenge mengine yamepasuka, na juu ya mkono mmoja meno yangu bado yanaonekana.

"Mawe matupu," aliniambia. "Nikadhani hapana kitu chini ila mawe. Nimechimba mpaka nikakuta udongo. Upo. Lakini uko chini sana."

Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Nikamwambia anipe, akampokea kwa wenziwe, kwa vifundo vya mikono kwa sababu viganja haviwezi, akaniwekea kifuani.